Sifuri za Odilia

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na daftari la jalada gumu, mkasema, "Sista Atu, tuandikie." Haya, naandika. Vyeo vyangu na mishahara yangu viko kwenye faili la utumishi, anayevitaka akavitafute huko kama panya hawajamaliza. Mimi nitaandika kosa moja. Kila mwaka naona kijana mpya anakaa kwenye kiti kile kile na kuwauliza wagonjwa wa kifafa swali lile lile, kwa namna ile ile niliyouliza mimi, na mimi kwa swali hilo nilikaribia kuua mtu.

Nilianzia Mbeya, kitengo cha afya ya akili, nikiwa nimetoka chuoni na sketi iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Nilidhani nitakuta vichaa watupu. Kumbe benchi limejaa watu wa kifafa. Siku ya kwanza, hata saa nne haijafika, mwanamume mmoja akaanguka kwenye foleni, anakakamaa, anatoa povu. Watu wakatawanyika. Bibi mmoja aliyekuja kwa magongo aliyaacha magongo pale pale. Wanaamini lile povu likikugusa nawe utaanguka. Mimi pia nilirudi nyuma, na msijifanye ninyi msingerudi.

Mzee Kibona, muuguzi aliyekuwa msimamizi wangu, alimwendea polepole, akamwekea koti chini ya kichwa, akamgeuza ubavu, kisha akawa anatazama saa yake ya mkononi.

"Mzee, hatufanyi kitu?"

"Tunafanya. Tunahesabu dakika."

Yule mtu alipotulia, Mzee aliniamuru nimfute povu kwa mkono wangu. Nikamfuta, roho mkononi.

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Kanawe, uendelee na kazi."

Mengi niliyoyajua yalitoka kwake. Usimtie mgonjwa kijiko mdomoni, utamvunja meno na yeye hatajua ni nani wa kumlaumu. Akizidisha dakika tano, vuta dawa kwenye bomba la sindano. Mgonjwa akikuambia hajaanguka, mwambie atoe ulimi, utazame pembeni, maana waangukao hujiuma. Tazama magoti, viwiko, kisogo. Uliza asubuhi blanketi lilikuwa kavu au limelowa. Na kila mmoja aulizwe peke yake, mlango umefungwa, kisha anayelala naye nyumba moja naye aulizwe peke yake. Nikamwambia hiyo itachukua muda mrefu. Akasema, "Ndiyo," akaendelea kunywa chai yake.

Huko huko Mbeya nilipata jambo ambalo hadi leo silisimulii vizuri. Mama mmoja, mkulima wa viazi kwenye miteremko ya juu ya mji, alianguka jikoni kwake akiwa na mtoto mgongoni. Yeye aliungua bega. Mtoto nilimwosha mimi, na nikamfunika mimi. Wiki ile niliapa kwamba mama wa kifafa aliye chini ya mikono yangu hatabeba mtoto karibu na moto, hata kama itabidi nikamvue mwenyewe ile mbeleko. Nilikuwa kijana na nilikuwa na hasira, na hasira ile nilihama nayo.

Nilihamia Iringa kumfuata mume wangu. Tukapanga mtaa wa Mlandege, na baadaye nikapelekwa Kilolo kuanzisha kliniki ya kifafa. Ninyi mliokuta jengo lenye vigae hamuijui kliniki ile. Kilikuwa chumba kimoja, nusu yake stoo ya vyandarua, na benchi nje kwenye ukungu. Wahehe walinipokea kwa "Kamwene!" na kwa utani wao, eti Mnyakyusa amekuja kutibu kifafa huku ambako ndizi hazioti. Nikawajibu kwamba nimeletwa kuwafundisha kula chakula cha maana. Tukaelewana.

Tatizo lilikuwa wingi wao. Kliniki ni siku moja kwa mwezi, wagonjwa wanatembea kutoka vijiji vya mbali, mimi ni mmoja. Basi nikabuni njia ya mkato. Nilipita kwenye benchi na rejesta mkononi, nikauliza kwa sauti, "Mwezi huu mara ngapi?" Wao wakajibu kwa vidole. Vidole viwili, mara mbili. Vitatu, mara tatu. Asiyeanguka alikunja ngumi, nami nikaandika sifuri. Foleni nzima ilikwisha kabla ya chakula cha mchana, na wageni waliotoka mkoani waliisifu. Sikumtazama mtu ulimi. Mzee Kibona angeniona angetema chai.

Na kabla ya vidole nilikuwa natoa hotuba. Nilisimama mbele yao kila mwezi nikasema, "Mama mwenye kifafa akianguka, hapiki, habebi mtoto. Nikisikia, mimi mwenyewe nampigia simu mwenyekiti wa kijiji." Sikuwa natania. Mama mmoja aliinua vidole viwili, nikapiga simu, na mtoto wake wa mwaka mmoja akapelekwa kwa shangazi Makambako. Nilijiona nimeokoa roho. Labda niliokoa, sijui. Ninachojua ni kwamba tangu mwezi uliofuata, kina mama wote wenye watoto wadogo walikuwa wanakunja ngumi, na mimi nikafurahi kwamba dawa inafanya kazi.

Katika kina mama hao alikuwamo Odilia. Alikuwa msichana mwembamba, mpole hadi unamsahau, mwenye binti wa kunyonya aitwaye Zawadi. Mume wake, Gaudensi, yuko Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kliniki Odilia aliletwa na mama mkwe wake, Mama Gaudensi, mwanamke mrefu, gamboti nyeusi, koti la kiume, uso ambao sikuwahi kuuona ukicheka. Zawadi alikuwa siku zote mgongoni kwa bibi huyo. Nilimchukulia kama polisi. Nilijiambia, huyu mkamwana akianguka hata mara moja, huyu bibi atakuwa wa kwanza kulisema, ili apate sababu ya kumrudisha kwao.

"Odilia, mara ngapi?"

Odilia anakunja ngumi.

"Mama, kweli?"

Mama Gaudensi, macho mbele, anakunja ngumi naye. Mashahidi wawili! Nikawa naandika sifuri, mwezi kwa mwezi, sifuri nzuri za mviringo, hadi miaka miwili ikatimia.

Mnajua mwongozo unasemaje. Mgonjwa akitimiza miaka miwili bila kuanguka, mnaweza kumpunguzia dawa kidogo kidogo. Daktari aliitazama rejesta yangu, akasaini. Nikatoka nje, nikatangaza mbele ya benchi zima kwamba Odilia anashuka kutoka vidonge vitatu kwenda viwili, na Mungu akipenda ataacha kabisa. Watu wakapiga makofi. Odilia hakupiga.

"Ni lazima, Sista?"

"We mtoto, unataka kumeza vidonge hadi uzeeni? Mshukuru Mungu!"

Mama Gaudensi alifungua mdomo. Nilimwona, wallahi nilimwona. Akaufunga. Nami nikaita jina linalofuata.

Baada ya miezi miwili nikamshusha tena, kikabaki kidonge kimoja. Sifuri.

Simu ililia Jumatano, saa tano asubuhi, mvua za masika zimeshika. Namba ngeni. Nilidhani ni watu wa dawa, maana tulikuwa tunadai makopo.

"Sista, mtoto wangu anakufa."

"Nani mwenzangu?"

"Mama Gaudensi. Odilia anaanguka, anatulia, haamki, anaanguka tena. Tangu nibandike maharage. Moto umeshazima sasa."

Mtu anayeanguka mfululizo bila kuzinduka katikati hana siku, ana saa. Nikamwambia amgeuze ubavu na asimpe maji.

"Nimemgeuza toka mwanzo. Njoo."

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito Iringa. Nikachukua pikapu ya chanjo. Nikabeba diazepamu, dawa ya kukatiza kifafa, ampuli nne, bomba za sindano na puto la kupumulishia. Oksijeni haikuwapo, na nisingeweza kuisubiri. Barabara ilikuwa tope jekundu. Kwenye mteremko wa pili gari liliteleza likalala kwenye mtaro, na vijana waliokuwa wakipasua mbao walikuja kutusukuma. Waliuliza tunakimbilia nini. Dereva akawajibu. Nilikuwa nahesabu: maharage yalibandikwa saa ngapi? Saa tatu? Saa tatu na nusu?

Tulipofika, uani kulikuwa na watu wengi, wote wamesimama kwenye uzio wa milanzi, mianzi ya huko, hakuna aliyesogea. Mzee mmoja akanizuia kwa heshima kabisa. "Pole na safari, Sista, ila ameshaungua yule. Mwenye kifafa akishaungua hapo hamna dawa tena. Umejisumbua bure." Nilimsukuma. Sijawahi kumsukuma mzee kabla wala baada.

Katikati ya ua, juu ya jamvi, Mama Gaudensi alikuwa amekaa kwenye matone ya mvua na kichwa cha Odilia mapajani mwake. Povu limemlowesha koti. Mikono yake miwili ilikuwa imefungwa khanga hadi kwenye viwiko. Odilia alikuwa anatetemeka mwili mzima, midomo ya bluu, mkono wa kulia umeungua kuanzia vidoleni.

Kumtafuta mshipa mtu anayetikisika hivyo ni kupoteza muda. Nikavuta dawa kwenye bomba, nikaitoa sindano, nikampa kwa njia ya haja kubwa. Nikatazama saa. Dakika tano. Anatetemeka. Dakika nane. Jamani, dakika ni ndefu! Watu wa uzioni wananong'ona, mtu mmoja ameanza kusali. Dakika kumi, nikatoa ya pili, nikijua wazi kwamba dawa hii ikizidi inasimamisha pumzi. Mtetemo ukaanza kupungua, ukabaki kwenye kope, ukakoma.

Na pumzi ikakoma nayo.

Tulimpakia nyuma ya pikapu chini ya turubai. Nikamfunika uso kwa barakoa ya lile puto, nikawa nabonyeza, naachia, nabonyeza, naachia, gari linaruka, magoti yangu yanagonga bati. Mama Gaudensi alikishika kichwa kisiyumbe kwa mikono ile iliyofungwa khanga, bila kulalamika. Niliwaza kitu kimoja tu njia nzima. Huyu sikumkuta hivi. Huyu nimemfanya hivi mimi, kwa kalamu, na watu wakapiga makofi. Nilimwomba Mungu kwa Kinyakyusa, lugha ambayo nilikuwa siitumii kusalia tangu utoto.

Kwenye kilima cha mwisho puto lilianza kunikataa mkononi. Nilidhani limeziba. Kumbe ni yeye, anavuta mwenyewe. Nikalia kwa sauti, nawaambia ukweli, kamasi na yote.

Hospitali walimtundikia dawa, wakamfunga mkono. Vidole viwili vya mwisho baadaye vilikatwa. Siku ya pili jioni alifumbua macho. Nilikuwa pembeni. Alitazama dari, akanitazama mimi, na uso wake ukaingia hofu ambayo sijawahi kuiona kwa mgonjwa anayemtazama muuguzi wake.

"Umeshampigia mwenyekiti?" akauliza.

Nilitoka nje. Kwenye korido alikuwa amekaa Mama Gaudensi, mikono imefungwa bandeji nyeupe, Zawadi amelala kwenye mapaja yake. Nilikuwa na hasira bado, nikitafuta wa kugawana naye lawama.

"Mama, ulikuwa unajua kwamba anaanguka?"

"Nilikuwa najua."

"Miaka miwili yote?"

"Kwani mablanketi anafua nani?"

"Sasa mbona ulikuwa unakunja ngumi mbele yangu? Mimi nilijua unamchunga umrudishe kwao!"

"Nimrudishe kwao kwa nini? Nina mkamwana mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa ananificha. Alikuwa anaondoa blanketi alfajiri analianika nyuma ya banda la nguruwe. Na mimi nikawa najifanya sijaona, asione aibu. Lakini hatukuwa tunaogopana, Sista. Tulikuwa tunakuogopa wewe. Wewe na simu yako."

Nikajitetea. Nikamsimulia yule mtoto wa Mbeya, niliyemwosha na kumfunika. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Pole sana." Kisha akasema, "Lakini Zawadi umewahi kumwona mgongoni kwa mama yake?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Tangu azaliwe, Odilia akiwasha moto, mtoto nakuwa naye mimi. Akienda kisimani, naenda nyuma yake, najifanya natafuta kuni. Juzi nilikuwa na mtoto bandani. Nilipofika alikuwa ameshaangukia kwenye mafiga. Wale majirani wakapiga kelele nisimshike." Akainua ile mikono kidogo, akaishusha. "Ungetuuliza, tungekwambia."

Jambo nililolitungia sheria na vitisho, yule bibi alikuwa amelitatua siku nyingi, kimya kimya. Niliona aibu, na naiona hata sasa nikiandika.

Kliniki iliyofuata nilisimama mbele ya benchi nikaomba radhi. Niliwaambia sitapiga simu tena kwa mwenyekiti yeyote. Yule mama wa mtoto wa Makambako hakuwapo, nikamfuata kwao. Aliniacha nimesimama mlangoni muda mrefu, na alikuwa na haki. Mtoto wake alirudi baada ya mavuno, baada ya mimi kwenda Makambako mara mbili kumbembeleza shangazi. Kisha nikaomba kliniki iwe siku mbili, na nikaanza kufunga mlango. Mwezi ule ngumi nyingi zilifunguka. Ripoti yangu ilikuwa chafu kiasi kwamba nilipigiwa simu kutoka mkoani kuulizwa Kilolo kumeingia ugonjwa gani.

Kwa Odilia tulikwenda na mwashi mmoja, Gaudensi akiwa likizo, tukabomoa mafiga. Tukamjengea jiko la udongo lililoinuka hadi kiunoni, moto umefichwa ndani, sufuria imezama hadi kwenye masikio. Akianguka, ataanguka chini, si motoni. Mama Gaudensi alilizunguka mara mbili, akalipiga teke na gamboti yake kuona kama litahama. Halikuhama. Siku hizi majiko ya namna hiyo yako nyumba nyingi huko, na wengine wanayajenga kwa sababu yanakula kuni chache, habari za kifafa hawana.

Odilia alirudi kliniki akiwa tena kwenye vidonge vitatu. Nilimwingiza peke yake, nikafunga mlango, nikakaa upande wake wa meza.

"Odilia, mwezi huu?"

Alitazama mlango, akatazama kalamu yangu. Ule mkono wenye vidole vitatu niliona unaanza kujikunja.

"Ukiandika, inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwenye dawa yako. Haiendi kwingine."

"Mtoto?"

"Mtoto ni wako."

Akavuta pumzi. "Mara nne," akasema, na machozi yakamtoka kama mtu aliyekiri wizi.

Nikaandika nne. Nikamshukuru, nikamtoa, nikamwita Mama Gaudensi aingie peke yake. Sikumwambia mwenzake amesema ngapi. Aliketi na koti lake, akanitazama kama mtu anayepima kama daraja litambeba.

"Mama, Odilia ameanguka mara ngapi?"

"Tano," akasema.

Macho yangu yalirudi kwenye ile nne. Aliniona natazama karatasi, akaelewa mara moja.

"Usimgombeze, hajakudanganya. Ile moja ilimkuta usingizini, mwenyewe hajui. Mimi ndiye nilimgeuza."

Nikaifuta nne, nikaandika tano.